Fritz Walter: Mateka Aliyeokolewa na Mpira

Ndugu wasomaji, safari hii tunawaletea habari za maisha ya mchezaji wa mpira wa miguu. Pengine baadhi yenu mtashangaa, maana mtu huyu hakuwa askofu, wala mmisionari, wala mtawala wa nchi. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya Ujerumani, na jina lake lilikuwa Fritz Walter. Vijana wetu wanaopenda mpira huenda wamelisikia jina hilo, na wazee huenda hawajalisikia kamwe. Lakini tulipoyatazama maisha yake kwa makini tuliona kwamba yanamfaa kila mmoja wetu, hata yule ambaye hajawahi kuugusa mpira tangu azaliwe. Maana mtu huyu aliokolewa na kipaji chake siku ile alipokuwa karibu kupotea, na miaka yote iliyobaki ilikuwa ni kujibu swali moja tu: je, mtu aliyeokolewa hivyo anapaswa kuishi namna gani?

Mtoto wa mkahawa wa klabu

Fritz alizaliwa tarehe 31 Oktoba, 1920, katika mji wa Kaiserslautern. Mji huo uko kusini-magharibi ya Ujerumani, katika nchi ya vilima na misitu iitwayo Pfalz. Si mji mkubwa kama Berlin au Hamburg; ni mji wa watu wa kawaida wanaojuana. Baba yake, Ludwig, na mama yake, Dorothea, walikuwa wakiendesha mkahawa wa klabu ya mpira ya mji huo, iitwayo 1. FC Kaiserslautern. Basi Fritz, aliyekuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano, alikulia katikati ya wachezaji na mashabiki. Mazungumzo ya mpira aliyasikia kabla hajajua kusoma.

Mwaka 1928 aliingia katika timu ya watoto ya klabu. Mdogo wake, Ottmar, aliyezaliwa mwaka 1924, alimfuata nyuma, na ndugu wa tatu, Ludwig, naye alicheza. Fritz alipofika miaka 17 alikuwa tayari anaichezea timu ya kwanza pamoja na watu wazima. Hata hivyo wazazi walitaka awe na kazi ya kumlisha, kwa hiyo alijifunza ukarani wa benki. Siku zile mpira katika Ujerumani haukuwa kazi ya mshahara mnono. Mtu alicheza baada ya kazi.

Kwa umbo hakuwa jitu. Nguvu yake ilikuwa katika miguu yenye akili. Alijua kuutuliza mpira mara moja, kuutuma kwa mwenzake mahali pasipotazamiwa na mtu, na kisha kukimbilia nafasi ya kufunga. Alicheza nyuma kidogo ya mshambuliaji wa kati, akawa mpishi wa magoli na mlaji pia.

Aliyemwona mapema alikuwa Sepp Herberger, mwalimu wa timu ya taifa. Tarehe 14 Julai, 1940, Herberger alimwingiza uwanjani katika mji wa Frankfurt dhidi ya Rumania. Ujerumani ilishinda kwa magoli 9 kwa 3, na kijana huyo wa miaka 19, katika mechi yake ya kwanza kabisa, alifunga magoli matatu. Tangu siku hiyo mwalimu na mwanafunzi hawakuachana. Herberger alimtunza kama mwanawe, na Fritz alimsikiliza kama baba.

Vita na homa

Hatupendi kuyapita mambo ya miaka ile kimya kimya. Timu aliyoichezea Fritz ilivaa kifuani alama ya serikali ya Hitler. Mechi zile zilichezwa wakati majeshi ya serikali hiyo yalipokuwa yanazivamia nchi za jirani na kuua mamilioni ya watu wasio na hatia, hasa Wayahudi. Fritz hakuwa mwanasiasa. Alikuwa kijana aliyetaka kucheza mpira. Lakini serikali ile ilijua sana kujipamba kwa michezo, na vijana hodari kama yeye walikuwa mapambo yake, wakitaka wasitake. Mpaka Novemba 1942 alikuwa amecheza mechi 24 za taifa na kufunga magoli 19. Moja ya mechi hizo ilichezwa mjini Budapest tarehe 3 Mei, 1942, ambapo Ujerumani iliwafunga Wahungaria magoli 5 kwa 3. Tunamwomba msomaji aikumbuke mechi hiyo, kwa maana tutairudia.

Baada ya Novemba 1942 mechi za taifa zilikoma, na Fritz alibaki askari kama vijana wengine. Alikuwa katika jeshi la miguu, kwanza Ufaransa, halafu katika visiwa vya bahari ya Mediterania. Katika miaka hiyo ya vita alipata malaria. Sisi tunaijua homa hiyo vizuri. Tunajua jinsi inavyomwacha mtu amelegea, na jinsi inavyoweza kumrudia. Fritz aliteswa nayo muda mrefu, na tangu hapo jua kali lilikuwa adui yake. Siku za joto miguu ilikuwa mizito. Siku za mvua alikuwa mtu mwingine kabisa. Hata leo Wajerumani wakiona mvua inanyesha juu ya uwanja wa mpira huiita hali ya hewa ya Fritz Walter.

Herberger alifanya kila hila awaondoe wachezaji wake kwenye mstari wa mapigano, asije akawapoteza wote. Kwa msaada wake Fritz alihamishiwa katika kikosi cha ndege cha rubani mashuhuri Hermann Graf, ambaye alipenda mpira na alikuwa na timu ya askari wake. Lakini vita havikwepeki daima. Mwezi Mei 1945 Ujerumani ilipokubali kushindwa, kikosi hicho kilijisalimisha kwa Wamarekani, nao Wamarekani wakawakabidhi askari wake kwa Warusi.

Mchezo wa kambini

Fritz alijikuta katika kambi kubwa ya mateka mjini Sighet, kaskazini mwa Rumania, karibu na mpaka wa Ukraine. Kambi ile ilikuwa kituo cha njiani tu. Mateka walikusanywa hapo, wakahesabiwa, kisha wakapakiwa katika mabehewa kupelekwa mbali ndani ya Urusi, kwenye migodi na misitu ya baridi kali. Wengi waliopelekwa huko hawakurudi, na waliorudi walikaa miaka. Fritz alikuwa mgonjwa wa homa, amekonda, hana nguvu. Ndugu yake Ludwig alikuwa naye humo kambini.

Walinzi wa kambi hawakuwa Warusi watupu. Walikuwako pia Wahungaria na Waslovakia. Siku moja, kama Fritz alivyosimulia baadaye, walinzi hao walikuwa wanacheza mpira, naye alikuwa amesimama pembeni akiwatazama. Mpira ulitoka nje ukamjia. Akaupiga kurudisha. Wale walinzi waliona mara moja kwamba mguu ule si wa mtu wa kawaida, wakamwita aingie acheze nao. Naye, pamoja na udhaifu wake, akaingia.

Walipopumzika, mlinzi mmoja Mhungaria alimwendea akamwambia kwamba anamfahamu. Alikuwa amemwona akicheza Budapest mwaka 1942, katika ile mechi tuliyoitaja. Alikumbuka hata idadi ya magoli.

Siku iliyofuata mateka waliitwa kwa safari. Orodha ilipopangwa, Fritz na Ludwig hawakuwamo miongoni mwa waliopakiwa. Walielezwa kuwa si Wajerumani bali ni watu wa jimbo la Saar, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Ufaransa, na kwa sababu hiyo waliachwa. Mabehewa yakaondoka bila wao. Mwezi Oktoba 1945 ndugu hao wawili walifika nyumbani Kaiserslautern, wakiwa hai.

Ndugu wasomaji, tusimame hapa kidogo. Mlinzi yule hakuwa na deni lolote kwa Fritz. Kinyume chake, Fritz alikuwa amelifunga taifa lake mbele ya macho yake, tena akiwa amevaa alama ya adui aliyeiponza Hungaria nzima. Angeweza kunyamaza, au angeweza kufurahi kulipiza. Badala yake alimkumbuka mchezaji, akamwona mtu. Na jina la mlinzi huyo halikuandikwa kwenye kombe lolote.

Kuanza tena juu ya vifusi

Fritz aliikuta nchi yake imebomoka. Kaiserslautern ilikuwa chini ya utawala wa jeshi la Ufaransa, chakula kilikuwa haba, na wachezaji wengi wa klabu walikuwa wamekufa au bado ni mateka. Ottmar, aliyekuwa katika jeshi la majini, alirudi akiwa na majeraha. Fritz alikusanya waliobaki na vijana wadogo, akawa mchezaji na mwalimu wao kwa pamoja. Mwaka 1948 alimwoa Italia Bortoluzzi, binti mwenye asili ya Kiitalia, ambaye alikuwa nguzo yake mpaka mwisho. Ili kupata riziki waliendesha kazi ya kufua nguo na pia sinema.

Timu ile iliyoanza na watu wachache ilikua ikawa timu bora ya Ujerumani Magharibi. Mwaka 1948 ilifika fainali ya ubingwa ikashindwa. Mwaka 1951 iliifunga Preußen Münster magoli 2 kwa 1 mjini Berlin, na magoli yote mawili yalikuwa ya Ottmar. Mwaka 1953 ilichukua tena ubingwa kwa kuifunga VfB Stuttgart magoli 4 kwa 1. Katika maisha yake yote Fritz aliifungia klabu hiyo magoli zaidi ya 300.

Sifa zikavuka mipaka. Klabu ya Atlético Madrid ya Hispania ilimtaka kwa fedha nyingi sana, fedha ambazo karani au mfua nguo wa Kaiserslautern asingezipata hata kwa kufanya kazi maisha yote. Wengi tungezichukua, wala hakuna ambaye angetulaumu. Fritz alizungumza na mkewe, akakataa. Alikuwa na mji wake, wenzake, mwalimu wake Herberger, na timu ya taifa iliyokuwa inaanza kuinuka. Hakuona sababu ya kuviacha hivyo. Tangu vita vilipokwisha mpaka alipotundika viatu mwaka 1959 hakuvaa jezi ya klabu nyingine.

Nahodha mwenye moyo wa wasiwasi

Mtu akisoma haya anaweza kudhani Fritz alikuwa shujaa asiyetishika. Sivyo. Alikuwa mtu wa wasiwasi, mwenye kuwaza sana, na neno baya la gazeti lilimkosesha usingizi. Kabla ya mechi alihangaika, na baada ya kushindwa alijilaumu yeye kwanza.

Mwaka 1951 alirudi katika timu ya taifa akawa nahodha. Mwezi Oktoba 1952 Ujerumani ilifungwa na Ufaransa magoli 3 kwa 1 mjini Paris, na lawama nyingi zilimwangukia yeye. Alivunjika moyo hata akataka kuiacha timu ya taifa. Herberger alimfuata, akazungumza naye, hakumwachia aondoke.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja mwaka 1954. Wiki sita tu kabla ya fainali ya Kombe la Dunia, Kaiserslautern ilicheza fainali ya ubingwa wa Ujerumani dhidi ya Hannover 96, timu ambayo hakuna aliyeitazamia, ikafungwa magoli 5 kwa 1. Watu wakapiga kelele kwamba Fritz amezeeka, miaka 33, na kwamba wachezaji wa Kaiserslautern waachwe nyumbani. Herberger akaziba masikio. Aliwachukua watano kutoka klabu hiyo moja: Fritz, Ottmar, Horst Eckel, Werner Liebrich na Werner Kohlmeyer. Alijua kwamba mtu hapimwi kwa siku moja mbaya.

Mvua ya Bern

Kombe la Dunia la mwaka 1954 lilichezwa Uswisi. Hakuna aliyeihesabu Ujerumani Magharibi. Timu ambayo kila mtu aliitaja ni Hungaria, yenye Ferenc Puskás, Sándor Kocsis na Nándor Hidegkuti. Timu hiyo ilikuwa haijafungwa tangu mwaka 1950. Ilikuwa imechukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1952. Ilikuwa imewafunga Waingereza 6 kwa 3 nyumbani kwao Wembley mwaka 1953, na 7 kwa 1 mjini Budapest miezi michache baadaye.

Ujerumani ilianza vizuri kwa kuifunga Uturuki 4 kwa 1. Mechi ya pili ilikuwa dhidi ya Hungaria yenyewe, mjini Basel. Herberger alijua kwamba hata akishindwa atapata nafasi ya kurudiana na Uturuki, kwa hiyo aliwapumzisha wachezaji wengi wa kwanza. Fritz alicheza. Ujerumani ikafungwa 8 kwa 3, na mashabiki waliokuwa wamesafiri wakaondoka wakitukana. Lakini katika marudiano Uturuki ilifungwa 7 kwa 2, kisha Yugoslavia ikafungwa 2 kwa 0. Katika nusu fainali Austria ilifungwa 6 kwa 1. Ndugu wawili Fritz na Ottmar walifunga magoli mawili kila mmoja, na yale ya Fritz yote yalikuwa ya penalti.

Katika hoteli waliyokaa mjini Spiez, kando ya ziwa, Herberger alimweka Fritz chumba kimoja na Helmut Rahn, mshambuliaji wa pembeni kutoka Essen. Rahn alikuwa mcheshi, asiyeogopa kitu, mwenye mizaha mchana na usiku. Mwalimu alijua alilofanya: mwenye wasiwasi alipata mtu wa kumchekesha, na mwenye mizaha alipata mtu wa kumtuliza.

Fainali ilikuwa tarehe 4 Julai, 1954, katika uwanja wa Wankdorf mjini Bern. Asubuhi jua liliwaka. Kisha mawingu yakajikusanya, na mvua ikaanza kunyesha. Wachezaji wa Ujerumani walipoiona walimtazama nahodha wao wakafurahi. Viatu vyao, vilivyotengenezwa na Adi Dassler, vilikuwa na njumu za kufungua na kubadilisha, kwa hiyo waliweka ndefu zaidi wasiteleze kwenye matope.

Hata hivyo mwanzo ulikuwa mbaya. Katika dakika ya 6 Puskás alifunga, na katika dakika ya 8 Zoltán Czibor aliongeza la pili. Watu wakadhani zile nane zinarudi tena. Lakini dakika ya 10 Max Morlock akarudisha moja. Dakika ya 18 Fritz alipiga kona, mpira ukavuka watu wote golini ukamkuta Rahn, naye akausukuma wavuni. Ikawa mbili kwa mbili.

Baada ya hapo Hungaria ilishambulia kwa zaidi ya saa nzima. Mpira uligonga mwamba, ulipanguliwa na kipa Toni Turek, uliokolewa na Kohlmeyer kwenye mstari. Fritz alirudi nyuma kusaidia, akakimbia mbele tena, ameloa maji toka kichwani hadi miguuni. Zikiwa zimebaki dakika sita, Rahn aliupata mpira nje ya eneo la hatari, akahadaa kidogo, akapiga kwa mguu wa kushoto. Ikawa tatu. Muda mfupi baadaye Puskás alifunga, lakini mshika kibendera alikuwa ameinua kibendera kuonyesha kwamba ameotea, na mwamuzi William Ling wa Uingereza akalikataa goli. Filimbi ya mwisho ikalia, na Ujerumani Magharibi ikawa bingwa wa dunia. Mzee Jules Rimet, ambaye kombe lilibeba jina lake, akamkabidhi Fritz mikononi. Fritz na Ottmar wakawa ndugu wa kwanza kuchukua Kombe la Dunia pamoja.

Gari moshi lililowarudisha nyumbani lilisimama kila mahali, kwa maana watu walifurika njiani wakilia kwa furaha. Miaka tisa nyuma watu wale walikuwa hawana la kujivunia, ila aibu na makaburi. Sisi hatusemi kwamba mpira unaweza kufuta dhambi za vita, hauwezi. Lakini watu waliochoka waliona kwamba wanaweza kusimama tena bila bunduki mikononi. Na msomaji asisahau jambo hili: waliofungwa siku ile walikuwa Wahungaria, ndugu za yule mlinzi wa kambi. Kama yeye angenyamaza kule Sighet, wenzake wasingemkuta Fritz pale Bern.

Miaka ya mwisho uwanjani

Oktoba 1956 Kaiserslautern ilialikwa kucheza Leipzig, katika Ujerumani ya Mashariki, dhidi ya mabingwa wa huko, Wismut Karl-Marx-Stadt. Nchi ilikuwa imegawanyika, na watu zaidi ya laki moja walikuja kuwaona ndugu zao wa upande wa pili. Siku hiyo Fritz alifunga goli ambalo waliokuwepo walilisimulia mpaka uzeeni. Mpira ulikuja ukiwa umemzidi nyuma; akajitupa mbele kama anayeogelea, akaupiga kwa kisigino juu ya mgongo wake mwenyewe, ukaingia wavuni. Kaiserslautern ilishinda 5 kwa 3, na waliofungwa nao wakashangilia.

Mwaka 1958 alikuwa na miaka 37 na alikuwa ameacha kuichezea timu ya taifa. Herberger alimwomba arudi, akarudi. Walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Göteborg dhidi ya wenyeji Uswidi. Fritz aliumizwa vibaya, na kwa kuwa sheria za wakati ule hazikuruhusu kubadilisha mchezaji, timu yake ilibaki pungufu na kufungwa 3 kwa 1. Hiyo ilikuwa mechi yake ya 61 na ya mwisho ya taifa. Magoli yake yalikuwa 33.

Alirudi gerezani kwa hiari

Wachezaji wengi mashuhuri wakiisha kustaafu huishi kwa kuuza jina. Fritz alihamia kijiji cha Alsenborn, karibu na Kaiserslautern, akaisaidia timu ndogo ya kijiji hicho. Katika miaka ya 1968, 1969 na 1970 timu hiyo ya kijijini ilichukua ubingwa wa ligi ya kanda yake mara tatu mfululizo, jambo lililowaacha wengi midomo wazi.

Lakini kazi yake iliyotugusa zaidi ni nyingine. Herberger katika uzee wake alikuwa ameanza kuwatembelea wafungwa magerezani. Mwaka 1977, mwaka aliofariki, uliundwa mfuko wenye jina lake, na moja ya kazi zake ni kuwasaidia wafungwa warudi katika maisha ya kawaida. Fritz aliichukua kazi hiyo ya mwalimu wake. Mwaka hata mwaka alikwenda gereza hili na lile, akaketi na wezi na wenye makosa makubwa zaidi, akazungumza nao habari za mpira na habari za maisha yao baada ya kutoka. Kwa watu wale bingwa wa dunia hakuwa picha ya gazetini. Alikuwa mzee aliyeketi mbele yao, akawasikiliza.

Hapo ndipo tunapoona maisha yake yamefunga duara. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama nyuma ya seng'enge, mgonjwa, bila jina, akingoja behewa. Mtu mmoja alimtazama akamtambua. Basi na yeye, alipokuwa na nguvu na heshima, aliingia mahali ambapo watu hawana jina ila namba, akawatazama na kuwatambua. Hakuweza kumlipa yule mlinzi Mhungaria, akawalipa wengine.

Mwaka 1985 mji wake uliupa uwanja wa mpira jina lake, naye yu hai. Mkewe Italia alifariki Desemba 2001, baada ya miaka 53 ya ndoa. Fritz hakukaa sana bila yeye. Alifariki tarehe 17 Juni, 2002, akiwa na miaka 81, wakati Kombe la Dunia likichezwa Korea na Japani. Miaka minne baadaye, tarehe ile ile ya 17 Juni, 2006, Italia na Marekani zilicheza mechi ya Kombe la Dunia katika uwanja wenye jina lake, na umati ukasimama kimya kumkumbuka. Na tangu mwaka 2005 vijana bora wa mpira katika Ujerumani hupewa medali iitwayo kwa jina lake.

Vijana wa mtaa wetu mnaocheza mpira jioni, tunapenda mjue mbio zake, kona zake na kile kisigino cha Leipzig. Lakini tunapenda zaidi mkumbuke ule mpira uliotoka nje kule kambini. Fritz alikuwa na homa na njaa, na angeweza kuuacha upite. Aliurudisha vizuri, kama alivyozoea. Na ninyi wazee wetu, ambao pengine mna ndugu au jirani aliyefungwa na mnaona haya kumtaja, jueni kwamba bingwa wa dunia hakuona haya kupita lango la gereza. Alijua mwenyewe ilivyo kuwa ndani, na alijua thamani ya mtu mmoja anayekuja kutoka nje.